Chai Iliyoanikwa Juani

Butiama, katika nyumba niliyozaliwa, chai haikunywewa hivi hivi. Ilikuwa na hadithi yake, na mwenye hadithi alikuwa baba. Ukishapewa kikombe alianza kukusimulia majani yanavyochumwa, yanavyotandazwa, yanavyogeuzwa, mpaka maziwa yanaweka utando juu na wewe bado hujaonja. Wageni walivumilia kwa heshima. Sisi watoto tulikuwa tumeikariri hadithi hiyo pamoja na sala za jioni, na sidhani kama tulijua ipi ina uzito kuliko nyingine.

Baba alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya chai, mbali, Tukuyu, kwenye milima iliyo mbele ya Mbeya. Aliondoka mimi sijaanza shule, akarudi moja kwa moja nikiwa msichana wa kutumwa dukani peke yangu. Kati ya hapo alikuja mara moja kwa mwaka, wakati wa Krismasi, na pakiti za chai kwenye mkoba. Babu ndiye aliyeuza dume la ng'ombe apate nauli, baada ya mtu mmoja wa lori la pamba kusema kwamba huko mlimani vibarua wanaandikwa kila siku. Ukoo mzima ulimsindikiza hadi barabarani. Mwanaume wa kwetu kwenda kufanya kazi kule ambako hata babu hakuweza kutuonyesha ni upande gani, hilo halikuwa jambo dogo.

Hadithi yenyewe ilikwenda hivi. Majani yakishachumwa mlimani yanateremshwa bondeni, penye mchanga safi. Yanatandazwa juu ya nyavu kuukuu jua likishachanganya. Yanageuzwa kwa reki, polepole, yasivunjike. Watoto wanakaa pembeni na fimbo kufukuza ndege. Wingu likionekana tu, watu wanaacha hata chakula wanakimbia kuyakusanya, maana yakilowa yananuka na hakuna atakayeyanunua. Jioni yanachekechwa kutoa mchanga, yanajazwa kwenye magunia, gari linayachukua. Baba aliposimulia mkono wake wa kulia ulikuwa unageuza hewa, na ilikuwa wazi kwamba kazi hiyo aliifanya kweli.

Miaka hiyo nililala nyumba ya bibi, mama yake baba. Nilikuwa nimerithi jina lake, kwa hiyo mimi na yeye tulitaniana kama watu wa rika moja, na siri zake nyingi nilizibeba mimi. Baba alikuwa mwanawe wa kiume pekee aliyebaki hai. Bibi alipoanza kuvimba miguu, kisha akashindwa kutoka nje, kila jioni aliniuliza swali moja: mwanangu saa hizi anafanya nini? Nami nikamjibu, kulingana na jua lilipofika. Saa hizi wanachekecha, bibi. Saa hizi wanafunga magunia. Siku mvua ikinyesha kwetu alisikitika, akasema masikini mwanangu, leo wamelowa. Sehemu ya ndege ilimchekesha hata alipokuwa hawezi tena kukaa, basi niliirudia mara nyingi, na niliongeza ndege wa kila namna.

Alikufa baba hayupo. Tangazo la kifo lilipelekwa redioni, jina la baba likatajwa, popote alipo kwenye mashamba ya chai apate habari. Tulimzika bila yeye. Alifika siku kadhaa baadaye na mkoba wake begani, na kilio kikaanza upya, safari hii watu wakimlilia yeye. Mtoto wa kiume kutomzika mama yake kwetu ni aibu inayofuata mtu mpaka kaburini kwake, lakini wazee wa ukoo walimsamehe papo hapo. Walisema angefanyaje, na njia yote ile.

Nimeyaeleza haya ili ieleweke nilichokwenda nacho Tukuyu mwaka huu.

Mimi nina mgahawa Musoma, si mbali na soko. Chapati, maharage, wali na dagaa mchana, na chai kutwa nzima. Nimeuza chai kwa hadithi ya baba kwa miaka yote ya biashara yangu. Siku moja dereva wa lori aliyesema ametokea Mufindi, nako kwenye mashamba ya chai, alinisikiliza akacheka, akasema chai gani hiyo ya mchangani. Nilimwambia anywe, alipe, aende zake. Watu wa kujua kila kitu nawaona kila siku.

Binti yangu ni muuguzi na kazi ilimpeleka huko huko Tukuyu. Alipojifungua nilifunga mgahawa, nikapanda basi kwenda kumsaidia kulea mtoto. Baba alifurahi kupita kiasi, au ndivyo nilivyoona. Alinishika mkono muda mrefu. Nilimwahidi kwamba nitafika shambani alikofanya kazi, nitapiga picha, nitarekodi video kwenye simu, nimletee ujana wake aushike mkononi. Alisema, "Usijisumbue, mama. Kule kutakuwa kumebadilika sana." Baba huniita mama kwa sababu ya lile jina. Niliona ni uungwana wake tu, wa kutotaka kusumbua watu.

Jirani wa binti yangu alikuwa msichana anayefanya kazi kiwanda cha chai, mcheshi, wa kuongea haraka. Nilipomwambia baba yangu alikuwa mtu wa chai, akaniombea ruhusa, na asubuhi moja tukapanda pamoja. Sijawahi kuona kijani namna ile. Milima yote imekatwa usawa mmoja, ukungu umelala katikati ya mistari, na wachumaji wamevaa maturubai kiunoni kwa sababu ya umande. Mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha na hakuna aliyeinua kichwa.

"Hamkusanyi?" nilimuuliza. "Mvua hiyo."

"Tukusanye nini, mama? Mvua ndiyo shamba lenyewe."

Akanionyesha namna ya kuchuma: majani mawili na kile kichipukizi cha katikati, basi, jani la tatu unaliacha. Nilichuma kiganja kimoja nikakirekodi kwa ajili ya baba, nikisema kwenye simu, baba unaona, ni hapa hapa. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Nilipomuuliza mchanga uko wapi alidhani namtania.

Kiwandani tulianzia ghorofani. Majani mabichi yalikuwa yamelazwa kwenye vitanda virefu, chini yake wavu, na feni kubwa zinapuliza hewa kutoka chini. Nilipouona ule wavu moyo ulitulia. Nikajisemea, haya, wavu huo hapo, yaliyobaki ni mambo ya zamani na ya sasa. Msichana akaeleza kwamba hapo majani yananyauka usiku kucha yakiwa ndani. Nikamuuliza zamani walikuwa wanayanyausha wapi, kabla ya feni, nje juani?

"Juani hapana. Chai ikishachumwa haitakiwi ilione jua, mama. Ikiungua imeharibika."

"Hata zamani?"

"Kiwanda hiki ni cha zamani. Hizi feni zimerithiwa."

Tukashuka. Palikuwa na mashine zinazokata na kusaga majani mpaka yakatoka yamekuwa chengachenga mbichi, bado ya kijani. Hapo unasikia harufu ya nyasi zilizofyekwa. Kisha yanaachwa yapate hewa, na mbele ya macho yako yanageuka rangi, kijani kinakuwa shaba, harufu nayo inabadilika inakuwa tamu, ya tunda lililoiva. Baba hajawahi kutaja rangi hiyo. Miaka yote ya kusimulia, na hajawahi kusema kwamba kuna mahali chai inageuka rangi ukiitazama. Baada ya hapo inaingia kwenye tanuri la hewa ya moto linaloendeshwa kwa kuni, inatoka kavu na nyeusi, inachekechwa kwa ukubwa wa chembe, inajazwa kwenye mifuko ya karatasi. Chumba kizima hakikuwa na dirisha lililoachwa wazi.

Nilikuwa bado namtetea. Nilisema labda baba alikuwa idara nyingine, labda kulikuwa na chai ya wafanyakazi iliyokaushwa kienyeji. Tukiwa tumesimama mlangoni nikamuuliza swali la mwisho, la kumbukumbu tu, ya bibi, yule mgonjwa wangu wa zamani. Nikamuuliza kuhusu watoto wa kufukuza ndege.

Msichana alicheka mpaka akashika mlango. "Ndege gani wanakula majani ya chai, mama?"

Mimi sikucheka. Nimezaliwa Mara, nimeishi Mara, na mtu wa Mara hahitaji kufikiri sana akiambiwa kuna kitu kinachotandazwa mchangani juu ya nyavu kuukuu, kikageuzwa kwa reki, kikalindwa dhidi ya ndege, kikakusanywa mbio mvua isikinukishe, kikachekechwa mchanga, kikajazwa kwenye magunia. Ni dagaa. Nimewanunua ufukweni nikiwa nimesimama katikati ya nyavu hizo hizo, nimebishana na wanawake wenye reki kuhusu mchanga unaobaki, na hata siku moja sikuunganisha. Nilikuwa nimeambiwa ni chai kabla sijajua kuuliza.

Video nilizifuta kabla hatujafika barabarani.

Basi la kurudi lilichukua muda wa kutosha mtu kuchukia vizuri. Mwanzoni niliona aibu ya mgahawa, wateja wote wale, na yule dereva wa Mufindi. Halafu hiyo ikapita, nikabaki na bibi. Dagaa hawaanikwi Tukuyu. Ufukwe wa dagaa kwa njia aliyoondokea baba ni Guta, hapo chini ya Bunda, na ukiondoka Guta kumekucha unakunywa chai ya saa nne Butiama. Bibi alilala kwenye kitanda kile akiuliza mwanawe anafanya nini, nami nikamjibu kwa uaminifu wote, na nilichokuwa namlisha ni uongo niliowekewa mdomoni. Sikuwa najua. Lakini mdomo ulikuwa wangu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba baba alinichagua mimi, mwenye jina la mama yake, nimdanganye mama yake.

Nilitaka kumuuliza jambo moja tu. Lile tangazo la redio, je, alilisikia? Kama hakulisikia, kama siku hiyo alikuwa mbali na redio, nilikuwa tayari kumsamehe dagaa wote wa ziwani.

Nilifika Butiama mchana. Baba sasa anaishi na wifi yangu, mke wa kaka, tangu mama afariki, na wifi alikuwa shambani. Nilimkuta barazani anapukuchua mahindi. Nikawasha moto, nikachemsha maziwa, nikatia chai niliyotoka nayo Tukuyu, nikammiminia. Alionja, akasifu. Nikangoja. Kweli, akaanza. Mlimani, bondeni, mchanga, nyavu, reki. Mkono ule wa kulia, umekonda sasa, ukawa unageuza.

Alipofika kwa ndege nikamuuliza, "Ni ndege gani hao, baba?"

"Yangeyange," akasema bila kufikiri. "Na kunguru. Kunguru ndio walikuwaga wabaya."

"Yangeyange wanakula majani ya chai?"

Mkono ulisimama. Aliutazama, akaurudisha kwenye mahindi, akapukuchua hindi moja lote.

"Umefika kule," akasema.

"Nimefika."

Akaniambia. Hakunificha, hilo nampa. Alifika Bunda siku ile ile aliyosindikizwa, akalala nyumba ya wageni angoje basi la Mwanza, na kulipokucha mfuko wa ndani ya suruali ulikuwa umekatwa kwa wembe. Nauli yote, ng'ombe mzima wa babu. "Nilikuwa nimesindikizwa na ukoo, mama. Wanawake wameimba. Ningerudi kesho yake na uso gani?" Akateremka Guta kutafuta kibarua cha kurudishia ile nauli. Mitumbwi ilimshinda, sisi watu wa ng'ombe maji tunayaogopa, na alipoingia mara ya kwanza alitapika mpaka wavuvi wakamrudisha nchi kavu. Wakampeleka kwa wanawake waanikaji.

"Mwanaume wa kwetu, anaanika dagaa na wanawake," akasema. "Hiyo ungeisema kwa nani? Nikasema nitaanika mwezi, nikishapata nauli naenda. Mwezi ukawa mwaka. Krismasi ya kwanza nikaona nije, ila nije na chai. Nilinunuaga palepale Bunda, dukani. Mlipoanza kuniuliza inatengenezwaje, nikasimulia nilichokuwa nakijua."

Nitasema ukweli, hapo nilimhurumia. Kijana mmoja, amekatwa mfuko, anaona haya. Kama hadithi ingeishia hapo ningemmiminia kikombe cha pili na tungecheka kabla wifi hajarudi. Lakini nilikuwa na swali langu.

"Baba, tangazo la redio ulilisikia?"

Akachukua hindi jingine. Nikarudia. Nilisikia sauti yangu imekuwa ya bibi, ya kuuliza kitu kile kile.

"Nililisikia," akasema. "Asubuhi. Mama mmoja alikuwa na redio pale tunapoanika. Nilitupa reki nikapanda gari la samaki. Nilikuwa Bunda umande haujakauka."

"Ukiwa Bunda, baba, sisi hata kaburi hatujamaliza kuchimba."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nikafikiria. Tangazo limesomwa asubuhi, mimi natokea mchana wa siku hiyo hiyo. Watu wangeniuliza nimerukaje kutoka Tukuyu. Mbele ya maiti ya mama, niulizwe hivyo." Alipangusa mdomo. "Nikachukua chumba. Nikakaa mle ndani, nikahesabu siku za safari, zilipotimia ndiyo nikaja."

Alisema jambo hilo kwa upole kabisa, mtu anayeeleza ratiba ya basi. Nilimwona amejifungia kwenye nyumba ya wageni ya Bunda, amekaa kitandani, anangoja mama yake azikwe ili afike kwa wakati unaofaa. Nimemheshimu baba yangu maisha yangu yote, na ningali namheshimu kwa namna ambayo mtoto hawezi kuivua, lakini mchana ule nilimchukia, na sikutafuta neno jingine la kuliita.

Kuna jambo moja ambalo baba hakuwahi kuambiwa. Siku aliyofika, baba akiwa bado analia, babu alituita pembeni, wakubwa kwa watoto, akatukataza kulitaja mbele yake, kwa sababu lingemuumiza bure mtu aliyetoka mbali. Tulitii. Babu alikufa bila kulitaja, mama alikufa bila kulitaja, nami nililitunza kwa miaka yote hiyo kwa kumwonea baba huruma.

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba bibi hakuzikwa mchana kama ilivyopangwa. Babu alikataa. Alisema huenda mwanawe amepata lifti, huenda yuko njiani, tumngoje. Sanduku likakaa uani, juu ya viti viwili, jua likalihama, padri akaaga akaondoka, na watu wa mbali wakakatazwa kwenda. Tulingoja mpaka ng'ombe wanarudi zizini. Na kila gari lililotokea upande wa Bunda likipunguza mwendo pale barabarani, watu wote pale uani waligeuka kuangalia ni nani anashuka.